Chuma Kizima na Chuma Kilichokwisha

Kutu ya gari haianzi pale unapoiona. Rangi ikivimba chini ya mlango, jua kazi ilianza ndani miaka mingi iliyopita, kwenye mfereji uliojaa vumbi na majani makavu, maji yalipokosa pa kutokea. Chuma kikigeuka kutu hutanuka. Kutu hutaka nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, na nafasi hiyo huitafuta kwa nguvu: hupanua maungio, hutenganisha mabati mawili yaliyobanwa pamoja kiwandani, huinua rangi. Kivimbe cha nje ni habari ya mwisho kufika. Mafundi bodi wa pwani wanajua hivyo, ndiyo maana fundi mzuri akiletewa gari kuukuu hatazami kwanza pale mwenye gari anaponyoosha kidole.

Swali analoletewa ni lile lile miaka nenda miaka rudi: tulitengeneze hili, au tuliuze tutafute jingine? Wengi hulijibu kwa kalamu na karatasi. Huandika bei ya fundi upande huu, thamani ya gari upande ule, wakatoa. Hesabu hiyo ina mahali pake, lakini inadai kitu ambacho karatasi haina, yaani kujua chuma kizima kilichobaki ni kiasi gani na kipo wapi. Kulijua hilo ni ufundi kamili. Mimi nauona mgumu kuliko kuchomelea na mgumu kuliko kupaka rangi, na kwa kuwa haubakizi alama yoyote ya kung'aa kwenye gari, ni wachache wanaoulipia au kuusifu. Nimeutazama kwa muda mrefu huko Tanga, mitaa ya Ngamiani, kwenye gereji ya mzee mmoja ambaye wote pale, wakubwa kwa wadogo, humwita Fundi tu.

Mjomba wangu ana Land Rover 109, ile ndefu, Series III. Imebeba nazi, magunia na abiria kati ya Pangani na Tanga tangu mimi sijaanza shule. Usiku hulala uani, karibu kabisa na ufukwe, na asubuhi bodi yake huwa na unyevu wenye chumvi. Chumvi ina mambo mawili yanayokiumiza chuma. Huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo chuma chenye chumvi hakikauki vizuri hata siku zisizo na mvua. Tena hufanya maji yapitishe umeme kwa wepesi, na kutu yenyewe ni kazi ya umeme mdogo: sehemu moja ya chuma hupoteza chembe zake, sehemu ya pili hupokea oksijeni, na maji yaliyo kati yake huziunganisha. Gari la Dodoma na gari la Pangani yaliyotoka kiwandani siku moja hayazeeki sawa.

Land Rover ina mambo yake ambayo fundi lazima ayajue kabla ya kuigusa. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa ndiyo kwanza imetoka vitani, chuma kinagawiwa kwa kibali, na kampuni ya Rover ikaamua bodi iwe ya aloi ya alumini. Chini yake wakaweka chasisi ya chuma, na kwa kuwa hawakuwa na fedha za mashine kubwa za kukandamiza, walikata mabamba bapa wakayachomelea yawe sanduku refu. Ulikuwa uamuzi wa watu wenye uhaba, na ndio uliofanya gari hili litengenezeke popote penye bamba na moto. Lakini kwa fundi wa pwani umeacha mitihani miwili. Sanduku la chasisi lina ndani yake pasipoonekana, na matope yakishaingia humo hayatoki kwa urahisi. Kisha alumini ikigusana na chuma mahali penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Hugeuka unga mweupe chini ya rangi, kuzunguka riveti na boliti. Mwenye gari huuona ule unga mlangoni akadhani gari limekufa. Mlango ni boliti chache tu, unafunguliwa unawekwa mwingine. Kinachoamua maisha ya Land Rover kipo chini, gizani.

Siku mjomba alipoipeleka, Fundi alikataa kuitazama.

"Shikamoo, Fundi," nilimsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Mjomba wako ameniletea matope, hajaleta gari. Lioshwe, likauke, ndipo tuongee."

Vijana wake waliliosha kwa maji baridi ya bomba, tena na tena, wakiingiza mpira wa maji ndani ya matundu ya chasisi mpaka yakatoka maji meupe. Walichokoa udongo uliogandamana juu ya mikono ya pembeni inayobeba bodi. Waling'oa mpira wa sakafuni na gunia lililokuwa chini yake, gunia ambalo lilikuwa bichi ingawa mvua haikuwa imenyesha. Kisha gari likaachwa juani na milango wazi mpaka kesho yake. Nimeona gereji nyingi ambako fundi huinama mara moja, akatoa bei akiwa bado ameshika simu. Kusubiri gari likauke ni sehemu ya kwanza ya ufundi huu, na ni sehemu ambayo mwenye haraka hawezi kuinunua.

Kesho yake akaja na vifaa vinne: nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo, bisibisi kuukuu lililochongoka, sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio, na chaki. Akalala chali juu ya kipande cha boksi, akaanza mbele kwenda nyuma.

Anagonga kwa wepesi, kila baada ya vidole vinne au vitano, na anasikiliza kama mkwezi anayegonga nazi kujua imekomaa au bado dafu. Bamba zima hulia, sauti yake ni kali na inakwenda mbali ndani ya sanduku. Bamba lililoliwa nusu hulia kwa ufupi. Bamba lililokwisha halilii kabisa, hutoa sauti butu, na vumbi jekundu humwagika kutoka tundu la karibu. Akifika penye shaka anarudi nyuma kiganja kimoja, anagonga pazima, kisha anagonga tena penye shaka, ili sikio lipate kulinganisha. Nilimwona akifanya hivyo mahali pamoja mara nyingi sana, mpaka nikadhani amesahau alichokuwa akitafuta. Hakuwa amesahau. Alikuwa akitafuta mpaka, pale hasa ambapo uzima unaishia na ugonjwa unaanza, kwa sababu huko ndiko kisu kitakakopita.

Bisibisi lina kazi ya kuhakikisha. Hulisukuma kwa nguvu ya mkono, bila kugonga, kwenye maungio na chini ya kingo. Kinachotoboka kwa mkono hakikuwa chuma tena. Sumaku huitumia kwa uangalifu, kwa sababu kwenye bodi ya alumini hainati kabisa na haina la kusema. Huipitisha kwenye chasisi na kwenye ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria. Ikiachia mahali ambapo ingepaswa kunata, pana puti nene, na chini ya puti pana kitu ambacho mtu fulani hakutaka kionekane. Vidole vyake pia vina kazi. Sehemu ya juu ya chasisi, ile iliyofichwa na bodi, haionekani hata kwa tochi. Huingiza mkono akapapasa, na uso wake hutulia kabisa wakati mkono uko huko.

Kila anachokisoma hukiandika kwa chaki. Mduara ni kutu ya juu, ya kusuguliwa na kupakwa. Msalaba ni pa kukatwa. Mistari miwili ni pale panapoamua. Hii ndiyo sehemu ninayoistahi kuliko zote, kwa sababu mtu asiye fundi huona kutu na kutu tu, kubwa au ndogo, ilhali kwake ukubwa si kipimo. Tundu la kuingiza ngumi kwenye sakafu ya abiria hupewa msalaba bila kufikiriwa mara mbili. Sakafu haibebi kitu ila miguu. Ufa usiozidi ukucha, ukiwa kwenye kishikio cha springi au pale sanduku la usukani linapofungwa, hupewa mistari miwili, na huurudia mara tatu kabla ya kusema neno.

Gari la mjomba lilisomeka hivi. Mbele, chasisi ilikuwa nzima kabisa, nyeusi na yenye utelezi, kwa kuwa injini ilikuwa ikivuja oili miaka yote na ile oili ilikuwa imekilinda chuma. Miguu ya ule ukuta wa injini, pale unapokaa juu ya chasisi, ilikuwa imekwisha pande zote mbili. Sakafu zote mbili za mbele zilikuwa zimekwisha. Mikono miwili ya pembeni ilioza, miwili ilibaki. Boriti ya nyuma, ile ya kufungia ndoano ya kuvutia, ilibomoka kwa bisibisi. Ilibaki mistari miwili kwenye chasisi ya nyuma, karibu na vishikio vya springi. Huko alikaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote kwa pamoja. Alimwambia kijana ainue gurudumu la nyuma kwa jeki mpaka liachie ardhi, yeye akiwa ameweka kidole juu ya ungio la kishikio. Kisha alishushe. Kisha aliinue tena. Alikuwa anasikiliza kwa kidole kama chuma kinasogea.

Hakikusogea. Akatoka chini, akanawa mikono kwa unga wa sabuni, akamgeukia mjomba.

"Ndugu yangu, uti wa mgongo unao. Mikia na mbavu nitakutengenezea. Kama vishikio vingeachia, ningekwambia tafuta chasisi nyingine, au liache."

Mjomba alitaka bei papo hapo. Fundi akamtajia, akamtajia na muda, kisha akaongeza jambo ambalo mafundi wengi hulificha: kwamba akikata atakuta zaidi ya alichokisoma, si sana, lakini zaidi, na kwamba akikuta zaidi upande wa vishikio atasimama na kumwita kabla ya kuendelea.

Ningependa msomaji asidhani kwamba Fundi ni mtu wa kutengeneza kila kinachokuja. Juma lile lile aliletewa gari dogo la saluni, la Kijapani, zuri kwa macho, rangi yake ikiwa imepigwa upya. Magari haya hayana chasisi ya peke yake. Bodi nzima, yenye mabati ambayo kwa kawaida hayafiki unene wa milimita moja, ndiyo inayobeba mzigo. Mabati hayo yamekunjwa na kubanwa pamoja tabaka juu ya tabaka, na nguvu yake inatokana na umbo. Ndiyo maana kizingiti cha chini ya mlango, ambacho kwenye Land Rover ni pambo tu, kwenye saluni ni mfupa. Na mahali pazito kuliko pote ni kile kikombe cha juu ambamo shokapu ya mbele inafungwa, kwa kuwa kila shimo la barabara linagonga pale.

Fundi alifungua boneti, akakwaruza kuzunguka kikombe cha kushoto kwa ncha ya bisibisi. Rangi mpya ikaondoka, puti ikaondoka, kitambaa cha nyuzi za kioo kikaondoka, na chini yake palikuwa na maganda ya kutu yanayochambuka tabaka kwa tabaka. Mwenye gari alisema anataka lifungwe vizuri tu, lipate mnunuzi. Alikuwa tayari kulipa vizuri.

"Mlango nakufungia," Fundi akasema. "Matgadi nakufungia. Hapa sifungi."

Yule bwana akalichukua gari lake akaondoka. Wapo watakaolifunga, nina hakika. Lakini Fundi analipa kodi ya kiwanja na ana vijana wa kulisha, na siku ile alikataa fedha kwa ajili ya mtu ambaye hatamjua kamwe, yule atakayelinunua na kupanda nalo mlima wa Lushoto akiwa na watoto nyuma. Katika ufundi wote niliouona pale, kukataa huku ndiko kuliko na thamani kubwa zaidi kwangu, na hakuwezekani kwa fundi ambaye hajui kusoma, kwa maana asiyejua mpaka wa uzima hana pa kusimama.

Na hilo jingine la upande wa pili, la kununua gari lingine, nalo si njia ya kukimbia kutu kama wengi wanavyodhani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Tanzania huruhusu magari yenye umri mkubwa zaidi, lakini hutoza ushuru wa ziada kwa ajili ya uzee wake. Kwa hiyo gari ambalo mtu wa kipato cha kawaida analimudu huwa tayari limeishi maisha marefu kwingine, na mara nyingi kwingine huko ni Japani. Huko, mikoa ya theluji kama Hokkaido humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hurukia chini ya gari kila siku ya majira hayo. Karatasi za mnada za Kijapani huyasema haya kwa anayejua kuzisoma: herufi S kwenye mchoro wa gari ni kutu, C ni chuma kilicholiwa, na tarakimu inayofuata huonyesha ukubwa wake. Watu humlipia wakala bila kuomba karatasi hiyo. Fundi, akiombwa kutazama gari lililoshuka bandarini, huanza chini, na kinachomtia shaka kuliko kutu yenyewe ni rangi nyeusi mpya iliyopulizwa kila mahali, mpaka juu ya boliti na mipira. Kutu inayoonekana anaweza kuipima. Iliyofunikwa juzi, anasema, lazima aifunue, na si kila muuzaji atakubali ifunuliwe.

Turudi kwenye Land Rover. Kazi ilianza kwa kutoa. Betri ikafunguliwa, tangi la petroli likatolewa na kupelekwa mbali kabisa, upande wa pili wa uwanja, kwa sababu mvuke uliobaki kwenye tangi tupu ni hatari kuliko petroli yenyewe. Vijana hapa huvaa miwani wakati wa grenda. Fundi hamruhusu yeyote kuishika bila miwani, na asiyetaka hutumwa kununua msasa mpaka atakapotaka. Ningetamani kila gereji ya mjini iwe hivyo.

Alipoanza kukata, mjomba alishika kichwa. Tundu la ukubwa wa kiganja likawa dirisha. Lakini hilo ndilo lile jambo la mpaka: kiraka hakishiki kwenye chuma chembamba kilicholiwa kwa ndani, moto hukitoboa na ungio hupasuka baadaye kando ya mshono. Lazima kukata mpaka bamba litoe cheche safi na ukingo wake uwe na unene wake wa awali. Aliupima ule ukingo kwa kalipa, karibu milimita 2, na bamba jipya alilonunua lilikuwa la unene huo huo. Nilimwuliza kwa nini asiweke nene zaidi, lidumu. Alisema chasisi hupinda kidogo kila inapotembea, na penye bamba nene hupinda pembeni yake badala ya kupinda pale, kwa hiyo utakuwa umehamishia ufa kwa jirani.

Vipimo havikuandikwa. Alichukua karatasi ngumu ya boksi, akaibana mahali pa tundu, akaisugua kwa kidole chenye oili mpaka ukingo ukajichora, akaikata kwa mkasi, akaijaribu, akaikata tena. Karatasi ikishakaa bila kusukumwa ndipo huihamishia kwenye bamba. Kukunja hufanyia juu ya kipande cha reli kilichosimikwa kwenye gogo. Tanga ni mji wa reli tangu Wajerumani walipoanza kuijenga ile ya Usambara mwaka 1893, na vipande vya reli vimekuwa fuawe za mafundi kwa vizazi. Hukunja kwa mapigo mengi mepesi akitembea toka mwanzo wa mstari hadi mwisho na kurudi. Pigo moja zito lingenyoosha chuma mahali pamoja na kukiacha na tumbo. Boriti ya nyuma aliitengeneza nzima hivyo, mabamba manne, na ilipokutana na chasisi nafasi iliyobaki ilikuwa ya kupitisha ubapa wa msumeno.

Vile viraka vya chasisi havikuwa vya mraba. Ncha zake alizichonga ziwe kama mkuki, ili mshono usikate chasisi wima toka juu hadi chini, kwa kuwa mshono wa wima ni mstari ambao chuma kitachagua kukatikia. Hapa alitumia mashine ya umeme na rodi. Kwenye sakafu na miguu ya ule ukuta, ambako bati ni jembamba, alitumia gesi: mtungi wa kabaidi, mawe yake ya kijivu yakikutana na maji na kutoa asetilini, na chupa ya oksijeni pembeni. Mwali wa gesi hizo unapita nyuzi 3,000 za Selsiasi na chuma huyeyuka karibu na 1,500, kwa hiyo fundi asiyejua kuondoka kwa wakati hutoboa. Fundi hushika kwanza kwa nukta, moja kona hii, moja kona ile ya mbali, kisha katikati, akisubiri kila mara, na tambara bichi liko mkononi mwa kijana kwa ajili ya kupoza. Ukichomelea mfululizo toka upande mmoja, bati hujikunja kwa joto na hutalinyoosha tena. Kutazama nukta zile zikijazwa taratibu mpaka zikawa mshono mmoja ni starehe ambayo sikuitarajia. Nilikaa pale mpaka adhuhuri bila kujua.

Kisha likaja jambo ambalo mtu angelipita bila kuliona. Kabla ya kufunga boriti ya nyuma, alitoboa matundu upande wa chini, makubwa ya kupita kidole. Kijana mmoja mgeni akauliza kama yazibwe. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa nia njema hufia hapo: fundi hufunga sanduku lisiloingia hewa, akidhani amelilinda, na unyevu unaoingia kwa njia ya maungio hukaa humo milele. Maji yataingia tu. Kazi ya fundi ni kuyapa njia ya kutoka. Kupitia matundu hayo hayo alipitisha mpira mwembamba akapuliza ndani rangi yenye zinki, akaacha ikauke, akafuatisha nta iliyoyeyushwa kwa oili. Zinki huliwa kabla ya chuma, na kwa muda itakaodumu itaumia badala yake. Oili chafu ya injini, ile ambayo wengi wetu hupulizia chini ya gari kabla ya masika, haitumii karibu na mipira ya springi na breki, kwa sababu mpira hulainika ukaharibika. Puti ilitumika nyembamba kama ngozi na kwenye bodi tu, baada ya praima. Chini ya gari haikugusa kabisa.

Namba ya chasisi aliiacha kama ilivyo. Kwenye gari hili imegongwa mbele upande wa kulia, karibu na kishikio cha springi, na alipokuwa akisugua kutu kuizunguka aliifunika kwa utepe, akaipaka grisi. Chasisi isiyosomeka namba haina mwenyewe mbele ya askari wala mbele ya mamlaka ya kodi, hata iwe nzima kiasi gani.

Mjomba alipokuja kulichukua alipewa masharti, na Fundi aliyasema akiwa amemshika mkono. Alioshe chini kwa maji baridi kila Ijumaa, hasa juu ya mikono ya pembeni. Gunia lisirudi sakafuni. Kabla ya masika na kabla ya vuli achukue waya azibue matundu yote ya chini, ahakikishe maji yanatoka. Nazi abebe, magunia abebe, lakini samaki wenye barafu asibebe tena, maana yale maji ya barafu na chumvi hushuka moja kwa moja kwenye boriti mpya. Masika ikiisha alirudishe, Fundi apitishe nyundo.

"Na huu mlango wenye unga mweupe?" mjomba akauliza.

"Huo uache. Ukipata mwingine sokoni ulete, ni kazi ya saa moja."